Sura ya Saba: Tabla Itamlisha Mtoto?

Swali hili huulizwa popote pale kijana anapopenda ala kuliko daftari: atakula nini? Mzazi wa Mazinde ana haki ya kuliuliza kwa sauti. Mazinde imekaa bondeni, kandokando ya barabara ya kutoka Mombo kwenda Same, milima ya Usambara ikiwa mgongoni mwake, na kazi zinazojulikana pale hazina fumbo: mkonge, shamba, duka, bodaboda, ualimu. Mtoto akisema anataka kuwa mpiga tabla, au mwimbaji wa muziki wa kale wa Kihindi, mzazi anatazama kulia na kushoto na haoni jirani wa kumwuliza. Hakuna mjomba aliyeifanya kazi hiyo, wala binamu aliyejenga nyumba kwa fedha yake.

Mapenzi yenyewe, hata hivyo, hayana ajabu. Babu aliliona picha la Kihindi sinema, Tanga mjini. Baba aliliona kwenye kibanda cha video. Mtoto analiona kwenye simu. Nyimbo zile zimezoeleka kiasi kwamba watu huziimba jikoni bila kujua maana ya neno hata moja. Kwa hiyo tusimcheke kijana huyu, wala tusimdanganye. Jibu langu ni kwamba tabla inaweza kumlisha, ila fedha haitaingia kwa mlango anaoufikiria. Yeye anafikiria jukwaa. Wanaoishi kwa muziki huu, karibu wote, wanaishi kwa kufundisha na kwa kuhitajiwa kwenye shughuli za watu. Jukwaa huja juu ya hayo, likija.

Kwanza, ni muziki gani hasa?

Wimbo wa filamu ni kitu kimoja na muziki wa kale ni kitu kingine, ingawa ni ndugu. Wimbo wa filamu umetungwa, umepangwa na una mwisho wake unaojulikana. Muziki wa kale wa Kihindi, kwa sehemu kubwa, hutungwa papo hapo, mbele ya wasikilizaji, lakini ndani ya sheria kali.

Sheria ya kwanza inaitwa raga. Raga ni mpangilio wa sauti fulani, pamoja na njia zake za kupanda na kushuka, sauti za kukalia na sauti za kupita tu. Raga nyingine ni za alfajiri, nyingine ni za usiku. Anayefahamu taarabu ya Unguja atakumbuka makamu, ile mipangilio ya sauti iliyotoka kwa Waarabu. Raga hufanya kazi inayokaribiana na hiyo. Sheria ya pili ni tala, yaani mzunguko wa mapigo. Tala inayopigwa kuliko zote kaskazini mwa India ina mapigo 16, yaliyogawanywa nne nne. Mwimbaji anaweza kutangatanga atakavyo, lakini pigo la kwanza la mzunguko linaporudi, yeye na mpiga tabla lazima wakutane hapo. Wasikilizaji wanalisubiri pigo hilo, na wakikutana vizuri utasikia ukumbi mzima unapumua.

Kuna matawi mawili makubwa: la kaskazini, linaloitwa Hindustani, na la kusini, linaloitwa Karnatiki. Sura hii inahusu zaidi la kaskazini, kwa sababu ndilo lenye ala zilizofika pwani yetu: tabla na kinanda.

Kinanda hicho, kile cha kupuliza hewa kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa mkono mwingine, kina kisa kinachoonyesha jinsi watu wa fani hii walivyo wakali. Redio ya taifa ya India, All India Radio, ilikipiga marufuku kuanzia 1940 hadi 1971. Kosa lake ni kwamba funguo zake zimekaa mahali pamoja. Sauti haiwezi kuteleza kutoka hapa hadi pale, na raga inataka utelezi huo. Fikiria ala inayopigwa karibu kila hekalu na kila harusi kufungiwa mlango wa redio kwa miaka 31. Atakayeingia kwenye kazi hii ajue kwamba anaingia kwa watu wanaosikia tofauti ambayo sikio la kawaida halijafundishwa kuisikia, na kwamba atahukumiwa kwa sikio hilo.

Wameshatangulia wengine

Pwani yetu haikuanza jana kuishi na muziki wa India. Mwaka 1928 Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, na aliyewahi kuuza vyungu mitaani, alipanda meli na wenzake kwenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Studio hazikuwa Zanzibar wala Dar es Salaam. Zilikuwa ng'ambo ya bahari, na Bombay ilikuwa mji wa biashara ambao watu wa pwani walikuwa na mazoea nao. Shaaban Robert, mtoto wa Tanga, ndiye aliyeandika wasifu wa mama huyo. Kilichompeleka Siti Bombay kilikuwa jina alilokwisha kulijenga nyumbani, kwenye majumba ya watu na kwenye harusi.

Mombasa ilikwenda mbali zaidi. Huko taarabu ilijifunga na India waziwazi: kinanda, tabla, na tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vibonyezo kama vya taipureta, ambayo asili yake ni Japani na ilipata umaarufu India kabla ya kuzoeleka Mombasa. Yaseen na kundi lake walipiga mtindo huo, na Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki 2014, aliimba mashairi mazito ya Kiswahili juu ya sauti za nyimbo za filamu za Kihindi. Wapo wanaosema huo ulikuwa uigaji. Mimi naona ni ustadi wa kazi, kwa sababu alijua wasikilizaji wake wameipenda sauti gani, akaweka ndani yake maneno ambayo mtunzi wa Bombay asingeweza kuyaota. Na alilipwa. Alilipwa kwenye harusi, usiku kucha, kwa ada ya mwenye shughuli na kwa kutunzwa, pale msikilizaji anapoinuka kwenda kumpa mwimbaji noti kwa sababu ubeti umemgusa.

Tanga nayo, katika miaka ya 1960 na 1970, ilikuwa na Black Star na Lucky Star, na sauti ya mwimbaji Shakila iliyotoka huko ikajulikana Afrika Mashariki nzima. Vikundi hivyo viliingiza magita ya umeme na kuchanganya mapigo ya hapa na ya nje. Wote hawa hawakuwa wapigaji wa muziki wa kale wa Kihindi. Lakini ndio waliothibitisha, karibu kabisa na Mazinde, kwamba mtu anaweza kuchukua ala ya India na kuipatia riziki Uswahilini.

Nani analipa?

Hapa ndipo panapotakiwa kukaa na kuhesabu.

Zamani mlipaji alikuwa mfalme. India ilikuwa na watawala wadogo wengi, na kila aliyejiheshimu aliweka wanamuziki nyumbani kwake: chakula, malazi, mshahara, na mwanamuziki ana kazi moja tu, kupiga na kufundisha. Baada ya uhuru wa 1947 falme hizo zilimezwa na dola mpya, na wanamuziki wakajikuta hawana mwajiri. Redio ya taifa ikachukua nafasi hiyo. Iliwafanyia usaili, ikawapanga madaraja, na daraja ndilo lililoamua malipo. Hadi leo mwanamuziki wa India huandika daraja lake la redio kwenye wasifu wake kama daktari anavyoandika shahada.

Maisha ya mtu mmoja yanaonyesha safari hii yote. Ali Akbar Khan, aliyezaliwa 1922, alipiga sarodi, ala ya nyuzi isiyo na vizuizi kwenye shingo yake, kwa hiyo sauti yake huteleza vizuri. Alifundishwa na baba yake, Allauddin Khan, mwalimu aliyejulikana kwa ukali, ambaye pia alimfundisha Ravi Shankar. Kijana akafanya kazi redio ya Lucknow. Kisha akawa mwanamuziki wa mfalme wa Jodhpur. Mfalme alipofariki, 1952, ajira ikafa naye. Akatunga muziki wa filamu, akarekodi santuri, akapiga nje ya nchi. Na mwisho akafanya nini? Mwaka 1967 alifungua chuo chake California, akakaa hapo akifundisha mpaka alipofariki 2009. Mtu ambaye wengi walimhesabu kuwa bingwa wa ala yake duniani alitumia zaidi ya miaka 40 ya maisha yake akiwa mwalimu, darasa baada ya darasa, akiwaimbia wanafunzi mstari nao wakiurudia.

Mzazi amweleze kijana wake habari hiyo pole pole, kwa sababu vijana wengi husikia neno "kufundisha" wakadhani ni kushindwa. Kwenye fani hii mwalimu ndiye mwenye cheo, na ndiye anayelala na uhakika wa kesho.

Tuchukue mfano wa hesabu, kwa tarakimu za kujifunzia tu. Tuseme mwalimu wa tabla Dar es Salaam ana wanafunzi 12. Kila mmoja anakuja mara nne kwa mwezi, na analipa shilingi 15,000 kwa somo. Hiyo ni shilingi 720,000 kwa mwezi, inayorudi kila mwezi wanafunzi wakibaki. Sasa tuseme amealikwa kupiga kwenye onyesho moja kwa shilingi 300,000, na wapo watatu jukwaani. Akitoa usafiri na mgawo wa wenzake, haifiki hata 100,000 mkononi, na mwaliko wa pili hajui utakuja lini.

Ipo simulizi maarufu ya upande wa pili. Mtengenezaji wa filamu ya Mughal-e-Azam, iliyotoka 1960, alimtaka Bade Ghulam Ali Khan, mwimbaji wa muziki wa kale, aimbe ndani yake. Ustadhi hakupenda mambo ya filamu, kwa hiyo akataja bei ya kumfukuza mtu: rupia 25,000 kwa wimbo mmoja, wakati waimbaji wakubwa wa filamu walikuwa wakilipwa mamia tu. Akakubaliwa. Kisa kitamu, na wanafunzi hupenda kukisimulia. Lakini bei ile ilijengwa na miaka mingi ya mazoezi na jina, na ilimtokea mtu mmoja kwenye filamu moja. Mtoto asiwekewe mpango wa maisha juu yake.

Kwa ufupi, mlango wa fedha una sehemu nne:

- Wanafunzi, wanaolipa kila mwezi.
- Ibada na shughuli: harusi, mahekalu, sikukuu kama Diwali na Navaratri.
- Kurekodi, kutunga na kuwapigia wengine studio.
- Jukwaa.

Kwa wengi, huo ndio mpangilio wa ukubwa wa mapato, kutoka juu kwenda chini.

Sehemu ya pili hudharauliwa bure. Masingasinga, kwa mfano, huimba maandiko yao kwenye ibada, na kitabu chao kitakatifu kimepangwa kwa raga 31. Ibada yao inataka waimbaji na mpiga tabla wanaojua kazi. Ndiyo maana mahekalu yao huleta wanamuziki kutoka India na kuwatunza. Hiyo ni ajira kamili, yenye nyumba na posho, ingawa inamtaka mtu awe wa imani hiyo au aliyelelewa ndani yake. Wahindu nao wana bhajani, nyimbo zao za ibada, na mpiga tabla mwenye adabu na anayefika kwa wakati hakosi kuitwa.

Wasikilizaji wakihama

Muziki huu unamtaka msikilizaji aliyelelewa nao, na msikilizaji anahama. Tanga ilikuwa na jamii kubwa ya watu wenye asili ya India, wafanyabiashara na wenye mashamba ya mkonge. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, na 1971 zikafuata nyumba za kupangisha. Bei ya mkonge ilikuwa imeshaanza kuporomoka. Familia nyingi zikaondoka kwenda Uingereza na Kanada. Mwaka uliofuata, 1972, Idi Amin akawafukuza Waasia wa Uganda, na mji wa Leicester, Uingereza, ukapokea maelfu.

Sasa tazama kilichotokea Leicester. Mwaka 2006 lilianzia huko tamasha la Darbar, ambalo leo ni miongoni mwa majukwaa makubwa ya muziki wa kale wa Kihindi nje ya India. Lilianzishwa kwa kumkumbuka mwalimu wa tabla aliyefundisha vijana wa mji huo. Mwalimu alitangulia, wanafunzi wakafuata, ndipo tamasha likapata watu wa kulisikiliza.

Mfano wa pili ni wa Kuljit Bhamra. Alizaliwa Nairobi mwaka 1959, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mdogo. Polio ilimwachia ulemavu wa mguu. Mama yake, Mohinder Kaur Bhamra, alikuwa mwimbaji wa mahekalu na harusi za Kisingasinga, na mtoto akaanza kumpigia tabla akiwa bado mdogo sana. Alisomea uhandisi wa ujenzi na akaufanyia kazi kabla ya kuuacha kwa ajili ya muziki. Baadaye akatengeneza rekodi za wasanii wengi wa bhangra, muziki wa kuchezea wa Kipunjabi, akapiga kwenye michezo ya jukwaani London, na akabuni namna ya kuandika mapigo ya tabla kwenye karatasi ili hata asiyekulia kwenye ala hiyo aweze kujifunza. Mzazi mwenye wasiwasi aangalie mambo mawili katika maisha haya: taaluma ya pili iliyomshika mkono mwanzoni, na harusi zilizomfunza kazi kabla ya chuo chochote.

Kutoka Mazinde, unaanzia wapi?

Mazinde haina mwalimu wa raga, na kwa miaka miwili ya mwanzo hilo halina madhara makubwa. Kinachotakiwa kwanza ni sikio na mkono. Kijana aliyekulia kwenye mdumange, ngoma ya Wasambaa, au kwenye kwaya ya kanisa, au kwenye kasida za madrasa, ameshapata sehemu ya elimu hiyo. Aendelee nayo. Kila mwalimu wa muziki anatambua haraka mtoto ambaye mwili wake unajua kuhesabu.

Hatua inayofuata ni kwenda kwa watu. Basi la Mombo, Korogwe na Segera linampeleka Tanga au Dar es Salaam, na kutoka Dar kuna boti ya Unguja. Unguja, Mji Mkongwe, kipo Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kinachojulikana kwa herufi DCMA, kilichofungua milango mwaka 2002 na kinachofundisha taarabu na ala zake kwa walimu waliolelewa nayo. Bagamoyo ipo TaSUBa, chuo cha sanaa cha serikali. Dar es Salaam, Kituo cha Utamaduni cha Swami Vivekananda, kilicho chini ya ubalozi wa India, hufundisha tabla na dansi ya kathak kwa yeyote anayejiandikisha, awe na asili ya India au asiwe nayo. Ningemshauri kijana apite kwanza kwenye taarabu. Huko atajifunza kusikia mipangilio ya sauti na kumfuata mwimbaji, na atakuwa anapata chochote kwenye harusi huku akisoma.

India iwe hatua ya tatu, akiwa na kitu mkononi. Baraza la India la Mahusiano ya Kitamaduni, ICCR, lililoundwa 1950, hutoa ufadhili kwa wanafunzi wa nje, wakiwemo wa muziki na dansi. Fomu yake inataka vyeti na kazi zilizorekodiwa, kwa hiyo asikimbilie kuomba mwaka wa kwanza. Na akifika kule, chuo kitampa cheti, lakini ustadi ataupata kwa guru, yaani mwalimu anayemkubali mtu kama mtoto wa nyumbani. Mazoezi ya kila siku huitwa riyazi. Saa nne kwa siku ni kitu cha kawaida, na mwalimu anaweza kumweka mtu kwenye pigo moja mwezi mzima. Wengi hukata tamaa hapo, kwa kuchoshwa, hata waliokuwa na kipaji.

Ala nayo inunuliwe kwa akili. Tabla ni ngoma mbili: ndogo ya mti, ya mkono wa kulia, na kubwa ya shaba au chuma, ya mkono wa kushoto. Juu ya kila ngozi kuna duara jeusi, lililotengenezwa kwa unga wa chuma na uji uliopakwa tabaka juu ya tabaka, na hilo ndilo linaloifanya ngoma itoe sauti inayoimba. Likipasuka, ngoma imekufa mpaka ngozi ibadilishwe. Vipande vya mti vilivyopachikwa chini ya kamba za ngozi hugongwa kwa nyundo ndogo kupandisha au kushusha sauti. Ngozi husikia hali ya hewa: ukavu wa bondeni Mazinde huikaza, ukungu wa Lushoto na joto la unyevu la Tanga huilegeza. Anayehama na ala yake kati ya sehemu hizi atakuwa na nyundo mkononi kila siku, na asiponunua jozi yenye ngozi za akiba atapoteza shughuli wakati wa masika.

Mzazi atakapompeleka mtoto kwa mwalimu kwa mara ya kwanza, aulize mambo matatu waziwazi, mbele ya mtoto. Je, umefundisha nani ambaye leo anaishi kwa kazi hii, na tunaweza kuonana naye? Ada ni kiasi gani, na inalipwa kwa mwezi au kwa somo? Na baada ya muda gani utaanza kumchukua kwenye shughuli zako, akae nyuma yako, aone jinsi bei inavyosemwa na jinsi fedha inavyogawanywa usiku unapoisha? Mwalimu akijibu la tatu bila kusita, mtoto aachwe hapo.